Tope la uchorongaji

Tope la uchorongaji ni kimiminika kinachozungushwa ndani ya kisima cha mafuta au gesi wakati kinapochimbwa. Pampu hulivuta kutoka matangini na kulishusha ndani ya mabomba ya kuchorongea mpaka kwenye keekee. Hapo hutoka kwa kasi kupitia matundu madogo, huipoza keekee, kisha hupanda katika nafasi iliyo kati ya mabomba na ukuta wa kisima likibeba chenga za mwamba. Likifika juu hupita kwenye chekecheke zinazotikiswa kwa mota. Chenga hubaki, mjiolojia huchukua sampuli, na tope hurudi matangini. Chenga anazozichunguza zilikatwa kitambo, kwa hiyo kukokotoa muda wa kupanda kwa chenga hizo ni sehemu ya kazi yake.

Mchanganyiko wa kawaida ni maji, bentonaiti na bariti. Bentonaiti ni udongo unaovimba majini. Pampu zinaposimama, tope huganda kama uji uliopoa na kuzishikilia chenga zisizame. Pia huacha utando kwenye ukuta wa kisima, unaozuia maji yasipenye mwambani. Utando ukiwa mnene mno, mabomba hunasa. Penye miamba ya mfinyanzi inayovimba ikilowa, hutumika tope la mafuta, ambalo ni ghali na taka zake ni tabu kuzitupa.

Bariti ni kwa ajili ya uzito tu, kwani huzidi maji takriban mara 4.2. Uzito ndio kiini cha kazi yote. Katika kina cha mita 3,000, maji matupu hukandamiza kwa bar 294 hivi. Tope lenye uzito wa mara moja na nusu ya maji hukandamiza kwa bar 441. Likikandamiza kidogo kuliko shinikizo la gesi mwambani, gesi huingia kisimani. Likizidi uwezo wa mwamba kustahimili, mwamba hupasuka na tope hupotelea humo. Kimo chake hushuka, na gesi hupata upenyo uleule uliokuwa ukizuiwa.

Dalili za hatari huonekana matangini: tope linaongezeka bila mtu kuongeza kitu, au kisima kinaendelea kutoa hata pampu zikizimwa. Hapo hufungwa kizuia-mlipuko, mkusanyiko wa vali kubwa mdomoni mwa kisima, uliobuniwa Marekani mwaka 1922 na James Abercrombie na Harry Cameron. Kisha tope zito zaidi huzungushwa taratibu mpaka kisima kitulie.

Kisima cha Spindletop, Texas, hakikuwa na vali hizo. Inasimuliwa kwamba wachimbaji waliswaga ng'ombe ndani ya dimbwi ili wapate tope la kushikilia mchanga. Tarehe 10 Januari 1901 mafuta yalifumuka, na ilichukua siku 9 kuyadhibiti.

Kisima cha Macondo, katika Ghuba ya Mexico, kilikuwa nazo. Tarehe 20 Aprili 2010 tope zito lilikuwa likiondolewa na kuwekwa maji ya bahari, ilhali saruji ya chini haikuziba, na jaribio la shinikizo lenye dalili mbaya lilichukuliwa kuwa limefaulu. Jukwaa la Deepwater Horizon lililokuwa likikichimba liliteketea, watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika kwa siku 87. Vali iliyoshindwa ndiyo iliyozungumzwa zaidi, lakini kinga ya kwanza ilikuwa imeshaondolewa na watu wenyewe.

Visima vya gesi vya kina kirefu nje ya pwani ya Tanzania, vingine katika maji ya zaidi ya mita 2,000, vina ugumu wa kuchagua uzito wa tope. Juu ya mwamba sehemu kubwa ni maji, ambayo ni mepesi kuliko mawe, hivyo tofauti kati ya tope jepesi mno na zito mno huwa ndogo. Mchimbaji hulazimika kushusha mabomba ya kukinga ukuta na kuyazungushia saruji mara nyingi zaidi, kila safari yakiwa membamba kuliko yaliyotangulia.