Marufuku na mwiko

Katika Dark Sun, ulimwengu wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka 1991, uchawi hunyonya uhai wa mimea; anayeroga kwa pupa huacha majivu. Wafalme wachawi wameupiga marufuku, ingawa wao wenyewe wanautumia. Anayeendesha mchezo huu kwa Kiswahili asikimbilie kusema uchawi huo ni mwiko. Marufuku hutoka kwa mtawala, na askari ndio wanaoisimamia. Mwiko hauhitaji askari: ukiuvunja, madhara yanakufuata wewe mwenyewe, pengine na ukoo wako. Mwiko hapa ni kule kuikausha ardhi. Mchezaji akiishika tofauti hiyo, mhusika wake ataweza kumkaidi mfalme na bado akaogopa kunyausha mti mmoja.