Kafe, Umeme na Jukwaa: Kumbukumbu za Jamii za Kwanza za Mtandaoni Jijini Mwanza

Watu wa rika langu jijini Mwanza wanapozikumbuka jamii za kwanza za mtandaoni za Kiswahili, husimulia mijadala na majina ya bandia. Ni nadra kusimulia mashine. Insha hii inadai kwamba pengo hilo linapotosha historia. Jambo Forums, jukwaa lililoanzishwa 2006 na kupewa jina la JamiiForums 2008, wengi wetu tulilisoma kwanza katika kafe za intaneti, kwa dakika za kununua, huku jirani akiona skrini yetu.

Kompyuta ya nyumbani ilichelewa. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta 1974, na hata katazo hilo lilipoondolewa, bei ilibaki juu ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida. Yetu, pale Kirumba, ilikuwa mtumba wa ofisini. Haikuwa na intaneti. Niliandika nyumbani usiku, nikabeba maandishi kwenye flashi, kisha nikayabandika mjini. Flashi hiyohiyo ilirudi na virusi. Fundi alikuwa na tiba moja tu, kupiga Windows upya, na kila kilichokuwamo kilifutika.

Ukame wa 2006 ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, na mgawo ukatufundisha kuandika kwa sentensi fupi na kuhifadhi kila aya. Hata kafe yenye jenereta haikuwa na kasi. Kabla ya mikongo ya baharini, ujumbe uliopita kwenye setilaiti ulipanda takribani kilomita 36,000 kabla ya kurudi duniani, hata kama msomaji wake yuko Nyegezi. Jioni, wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi, waliifuata nuru ya skrini. Tuliwafuta kwa kiganja tukingoja ukurasa ufunguke.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Jukwaani mwandishi hakujulikana, lakini chumbani alijulikana na wote. Februari 2008, kashfa ya Richmond ilipomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani, na mwezi huohuo polisi wakawakamata waendeshaji wa jukwaa, katika kafe niliyoizoea watu watatu walisoma skrini moja na kugawana gharama. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akapendekeza jibu, wa tatu akachapa. Bandiko likatoka kwa jina moja la bandia, na wachangiaji wakamjibu "mkuu" mmoja. Mtafiti anayehesabu akaunti leo atamhesabu mtu mmoja.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatwa na modemu za simu na baadaye simu zenyewe, kila mtu alipata faragha aliyoitamani. Sikuisikitikia kasi mpya, nikiri hivyo. Lakini vyumba vile vilifungwa kimoja kimoja bila mtu kuandika nani aliketi wapi.

Kompyuta ya Kirumba ilikufa jioni moja umeme uliporejea kwa kishindo. Diski yake ningali nayo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ina rasimu ambazo hazimo jukwaani, kwa sababu dakika zangu zilikwisha kabla sijazibandika.