Msitu Uliookolewa kwa Shoka

Kaskazini-mashariki ya jiji la London, nchini Uingereza, uko msitu uitwao Epping, wenye ukubwa wa hekta 2,400 hivi. Hapo kale wafalme waliwinda humo. Mwaka 1543 Mfalme Henry VIII alijengewa roshani ya kutazamia mawindo, na jengo hilo lingali limesimama.

Wanyama walikuwa wa mfalme, na ardhi ilikuwa ya mabwana. Lakini wanakijiji nao walikuwa na haki zao. Walilisha ng'ombe msituni, na watu wa Loughton walikata matawi ya kuni kila majira ya baridi, kuanzia tarehe 11 Novemba. Hawakuangusha mti. Waliukata juu, mahali ambapo ng'ombe hafikii machipukizi, nao ukachipua tena. Hivyo miti iliishi mamia ya miaka.

Katika karne ya 19 mabwana walianza kuutia msitu nyua. Hainault, msitu wa jirani, ulikuwa umekwisha kufyekwa kufuatia sheria ya mwaka 1851. Thomas Willingale, mkata kuni wa Loughton, hakukubali kuiacha haki yake. Mwaka 1866 vijana watatu wa jamaa yake walifungwa gerezani kwa kukata matawi. Mzee huyo akaenda mahakamani, akafa mwaka 1870 kesi isijaamuliwa.

Husemwa kwamba mnyonge hana haki. Lakini safari hii mnyonge alipata mwenzi. Baraza la Jiji la London lilikuwa na shamba karibu, na kwa hiyo lilikuwa na haki ya malisho. Likashtaki, likashinda mwaka 1874. Sheria ya mwaka 1878 ikaamuru msitu ubaki wazi kwa watu wote, na tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria akaja kuutoa rasmi kwa umma.

Hata hivyo sheria hiyo ilikomesha ukataji wa kuni. Wenyeji walilipwa fidia, wakajengewa ukumbi. Miti ikatanda, kivuli kikazidi. Siku hizi watunzaji wamerudia kukata baadhi yake, maana katika mashina makuukuu hukaa vigogota, popo na mbawakawa.

Leo watu wa London hutembea humo, hupanda farasi na baiskeli. Wafalme waliutaka msitu kwa mawindo; lakini walioulinda ni wale waliohitaji kuni tu.