Gari la moshi lilipandiwa miti. Seredani ya nyanya je?

Wadau, juzi niliposti video ya muuza kahawa wetu hapa Kibokoni, dele limekaa juu ya makaa yake kama kawaida. Mtu akaandika chini: wachoma makaa wafungwe, wanamaliza misitu. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nilisoma hayo huku chetezo kinafuka udi sebuleni. Kwa makaa. Nikajiona mnafiki.

Basi tuangalie historia kidogo.

Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilichomwa: unarundika magogo, juu yake matumbawe, unatia moto mpaka mawe yanalainika kuwa unga. Yaani huo ukuta unaopigia selfi umekula kuni nyingi sana. Boriti za dari nazo ni mikoko, mingi ililetwa na majahazi kutoka Lamu. Kisiwa hiki kimeishi kwa miti ya wenzake tangu zamani.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza hapa Mombasa 1896, ukafika Kisumu 1901. Uingereza kwao walikuwa na makaa ya mawe chini ya ardhi, na London ilishazoea kuyapikia tangu karne ya 17. Huku kwetu yalikuwa ya kuletwa kwa meli, kwa hivyo injini zikala kuni. Wakoloni wakapiga hesabu: kuni zikiisha, gari halitembei. Wakapanda mikaratusi kule bara, nyanda za juu, makusudi iwe kuni za gari la moshi.

Umeona hapo? Injini ilipandiwa miti. Nyanyangu hakupandiwa.

Makaa ya Mombasa yanatoka Kwale, Kilifi, Tana River na Taita Taveta, na mengi ni ya miti ya porini ambayo hakuna aliyeipanda. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na amri ikakaa mpaka 2023. Makaa yakapanda bei, lakini seredani haikuzimika. Nyanya aliacha kununua debe, akanunua kopo.

Ati kwa nini hatumii gesi? Mtungi anao, upo jikoni. Lakini kuujaza kunataka pesa zote kwa mpigo, na makaa unanunua ya leo tu. Wala si yeye peke yake. Kwa sensa ya 2019, katika kila nyumba 100 za Kenya, 55 hivi zilikuwa zinapikia kuni, 12 makaa, na 24 tu gesi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kukataza bila kupanda ni kumuadhibu mwenye kopo. Na kupanda kunawezekana, tena hapa hapa Pwani. Machimbo ya Bamburi yalikuwa mawe matupu, yakaanza kupandwa mivinje miaka ya 1970, leo ni msitu. Wakulima wa Kilifi na Kwale wanapanda mivinje yao wenyewe na wanauza. Kama gari la moshi liliwekewa mpango wa kuni zaidi ya miaka mia iliyopita, chungu cha nyanya kinakosaje?

Na wewe uliyetaka watu wafungwe, niambie: kwenu biriani ya harusi inapikiwa moto gani?