Usikimbilie Kununua Giaboksi: Jinsi ya Kuchunguza Gari la Otomatiki Lililotembea Sana

Mwaka jana gari langu, lililokuwa limeshatembea kilomita 240,000, lilianza vituko kwenye foleni ya feri Likoni. Nikitia D, linakaa kama linafikiri, kisha linaruka mbele kwa kishindo. Nikikanyaga mafuta, injini inanguruma na gari haliendi. Fundi wa kwanza alisogeza gia mara mbili tu, akasema, "Giaboksi imekufa hii, bwana. Tafuta nyingine." Bei aliyonitajia ilikuwa karo ya watoto ya muhula mzima.

Fundi wa pili alianza kwa kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepungua karibu lita moja na nusu, ikivujia kwenye mpira unaoipeleka kwenye rediyeta kupozwa. Tulibadilisha mpira, tukajaza oili, na mpaka leo gari linatembea, alhamdulillahi.

Sisemi kila giaboksi hupona hivyo. Nyingine zimekwisha kweli. Lakini hukumu haitangulii ushahidi, na uchunguzi wa giaboksi una mpango wake.

Kwanza, oili

Giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa presha ya oili. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi za ndani. Oili ikipungua, klachi hazibani sawasawa, nazo huteleza na kuungua.

Kwa magari mengi yenye dipstiki, pima gari likiwa limepata moto, limesimama pahali tambarare, breki ya mkono imevutwa. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi mwisho, rudisha P, kisha pima injini ikiwa inaunguruma. Honda nyingi hupimwa baada tu ya kuzima injini, kwa hivyo soma kitabu cha gari. Mengine hayana dipstiki kabisa. Hayo hupimwa kwa kufungua nati chini ya gari, na ni kazi ya fundi.

Paka oili kwenye kitambaa cheupe. Kwa aina nyingi, oili nzima ni nyekundu na yapenyeza mwanga. Ikiwa kahawia, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kuliwa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rediyeta yameingia: lisimamishe gari hapo hapo, maana maji huharibu klachi haraka.

Pili, dalili za barabarani

Gari likichelewa zaidi ya sekunde mbili au tatu baada ya kutia D au R, shuku oili kidogo au sili zilizokauka. Injini ikipanda mzunguko bila gari kuongeza mwendo, klachi zinateleza. Likitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kama linapita juu ya matuta madogo, shuku oili iliyochoka au klachi ya toki konveta. Likiganda kwenye gia moja na kukataa kubadilisha, huenda kompyuta imejilinda baada ya kuona hitilafu.

Tatu, ondoa wasingiziwa

Maunti ya injini ikikatika, gari hupiga kishindo ukitia gia, na giaboksi ikalaumiwa bure. Plagi au koili mbovu nazo hulitetemesha gari kama giaboksi mbovu. Kwetu pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Soketi za nyaya za giaboksi hushika kutu ya kijani, umeme ukakatika. Mwambie fundi azifungue na kuzisafisha kabla ya kufungua kitu kikubwa.

Nne, soma kompyuta

Taa ya injini ikiwaka, gari lisomwe kwa mashine, na uonyeshwe kodi kwa macho yako. P0700 peke yake haisemi kilichoharibika. Ni kengele kwamba kuna kodi nyingine ndani. P0750 yahusu soleneidi ya kubadilisha gia, na mara nyingi soleneidi hubadilishwa bila kushusha giaboksi. P0741 yahusu klachi ya toki konveta. P0730 yasema mzunguko wa gia hauendi sawa, na mara nyingi ni dalili ya kuteleza.

Tano, fungua sampu

Chini ya giaboksi nyingi kuna sampu, na ndani yake sumaku. Ujiji mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya.

Ukibadilisha oili, tumia aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Giaboksi za CVT, zenye mkanda wa chuma badala ya gia, zina oili yake. Ukizitia ya kawaida umeziua. Kwa gari la kilomita nyingi, kumwaga na kujaza kiasi kile kile ni salama kuliko kusukuma uchafu kwa mashine. Kumwaga mara moja hutoa sehemu tu ya oili, kwa hivyo wengi hurudia baada ya muda.

Oili ikiwa nyeusi, vipande vya chuma vipo, na gari linateleza hata baada ya kujazwa, hapo kubali: giaboksi yahitaji kufunguliwa au kubadilishwa. Usilivute gari kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakigusa chini, maana injini ikizimwa pampu haisukumi oili.

Fundi mwema hakasiriki akiulizwa, "Umepima nini?" Asiyekuwa na jibu, chukua ufunguo wako, ukamtafute mwingine.