Walatino katika bodi za kampuni za Marekani

Walatino, yaani wakazi wa Marekani wenye asili ya nchi kama vile Mexico na Kuba, walikuwa milioni 62 katika sensa ya mwaka wa 2020, takriban asilimia 19 ya watu wote. Hata hivyo, katika bodi za wakurugenzi za kampuni kubwa hawashikilii hata kiti kimoja katika kila viti kumi.

Mashuhuri miongoni mwa waliofika huko ni Roberto Goizueta, mzaliwa wa Havana. Alijiunga na Coca-Cola mwaka wa 1954, akatorokea Marekani mwaka wa 1960, na kuanzia 1981 hadi alipofariki Oktoba 1997 alikuwa mwenyekiti na afisa mkuu mtendaji. Aliketi pia katika bodi ya Ford.

Kikwazo ni njia ya kuingilia. Wenyehisa hupiga kura, naam, lakini majina hupendekezwa na kamati ya bodi yenyewe, aghalabu kutoka kwa wakuu wa kampuni nyingine wanaofahamiana. Goizueta mwenyewe alibebwa na mkongwe wa Coca-Cola, Robert Woodruff.

Mwaka wa 2020 California ilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni za soko la hisa zenye makao makuu jimboni humo kuwa na angalau mkurugenzi mmoja kutoka jamii zisizowakilishwa vya kutosha, Walatino wakiwemo. Mahakama ya Los Angeles iliibatilisha Aprili 2022. Kanuni ya soko la Nasdaq, iliyozitaka kampuni zitangaze muundo wa bodi zao, nayo ilifutwa na mahakama ya rufaa Desemba 2024.