Chumvi zinapobadilishana: Kwa nini bariamu moja ni sumu na nyingine si sumu

KLORIDI ya bariamu ni sumu kali. Huyeyuka upesi majini, na mtu akimeza hata kiasi kidogo, potasiamu hupungua katika damu yake, misuli hulegea na moyo waweza kusimama. Hata hivyo, mgonjwa anayepigwa eksirei ya tumbo hunyweshwa kikombe kizima cha salfeti ya bariamu, kinywaji cheupe kizito mfano wa uji, nacho hupita mwilini na kutoka kama kilivyoingia.

Tofauti hiyo inaelezwa na mmenyuko ambao wanafunzi wengi wa shule za upili huukariri bila kuuelewa, yaani ule ambapo chumvi mbili hubadilishana ayoni.

Mmumunyo wa salfeti ya sodiamu ukimiminwa katika ule wa kloridi ya bariamu, maji yaliyokuwa maangavu hugeuka papo hapo yakawa meupe kama maziwa, kisha mashapo hutuama chini:

BaCl2 + Na2SO4 → BaSO4 + 2NaCl

Je, kila chumvi mbili zikikutana hubadilishana? La hasha. Changanya mmumunyo wa chumvi ya mezani na ule wa nitrati ya potasiamu. Katika daftari mlingano utasawazika vyema, lakini ndani ya chupa hakuna kilichotendeka. Chumvi iyeyukapo, ayoni zake hutengana. Hapo zipo za aina nne zikielea huru, mwanzo hadi mwisho. Mmenyuko hutokea tu pale ambapo baadhi ya ayoni hushikamana na kujitoa majini zikiwa mashapo au gesi, au zinapounda maji yenyewe, kama asidi inapokutana na alkali.

Bariamu na salfeti hushikamana mno. Lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 2.4 tu, na asidi ya tumboni haiwezi kuzitenganisha. Ndiyo sababu aliyemeza chumvi ya bariamu yenye sumu huweza kupewa salfeti ya sodiamu au ya magnesiamu, ili sumu igeuke mashapo kabla ya kufika damuni.

Kaboneti ya bariamu, kwa upande wake, hudanganya. Nayo ni unga mweupe usioyeyuka vyema majini, ila ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kuacha kloridi ile ile yenye sumu. Mwaka wa 2003 nchini Brazil, wagonjwa kadhaa walifariki baada ya kunywa dawa ya eksirei iliyokuwa imechanganyika na kaboneti hiyo.